Rangi iache mwisho: kwa anayeanza kutambua madini ya miamba

Siku ya mtihani wangu wa kwanza wa vitendo niliwekewa vipande vitatu vyeupe kwenye sinia. Vyote nikaviandika kwatzi, nikakunja mikono kungoja wenzangu. Kwatzi ilikuwa moja tu. Cha pili kilikuwa feldispa, cha tatu kalsaiti.

Kosa langu lilikuwa kuanza na rangi. Kwatzi hiyohiyo huja nyeupe, ya waridi, ya zambarau, hata ya moshi. Uchafu kidogo ndani ya fuwele watosha kuibadilisha. Wewe anza na ugumu. Kipimo cha Mohs, cha tangu 1812, kina ngazi 10, na cha ngazi ya juu hukwaruza cha chini: ukucha uko kwenye 2.5 hivi, kalsaiti 3, kisu cha chuma kama 5.5, feldispa 6, kwatzi 7. Kisu tu kingeniumbulia ile kalsaiti.

Ila kisu nacho kina mtego wake. Ukikipitisha juu ya kwatzi utaona mstari wa kijivu, utashangilia kwamba jiwe limekwaruzika. Lowesha kidole, ufute. Mstari ukitoka, huo ulikuwa unga wa chuma: kisu ndicho kilicholiwa. Usipotoka, pitisha ukucha usikie kama kuna mfereji.

Feldispa na kwatzi zote hukishinda kisu, kwa hiyo hapo tazama zilivyovunjika. Sogea dirishani, shika kipande, kizungushe polepole. Kwenye feldispa utafika mahali uso mzima unamulika kwa mpigo mmoja, kisha unazima. Huo ndio mpasuko. Endelea kuzungusha, na karibu nyuzi 90 kutoka hapo utakutana na mwingine. Kwatzi haina kitu hicho; huvunjika kama chupa nene, yenye mawimbi ya mviringo. Na ukiona juu ya feldispa vijistari sambamba, kama vimepigwa kwa rula, andika plagioklesi, aina mojawapo ya feldispa, bila wasiwasi.

Ulanga hautakusumbua: ingiza ncha ya sindano ubandue karatasi, uipinde, uiachie, itarudi ilivyokuwa. Yanayosumbua ni madini mawili meusi, honiblendi na ogiti. Mipasuko ya ogiti hukutana karibu na nyuzi 90, ya honiblendi kwenye 56 na 124. Kitabuni ni rahisi. Kwenye punje ndogo kuliko ya mchele, bila lenzi unabahatisha, na mimi nimebahatisha mara nyingi.

Kusugua kwenye kigae cha kauri kisichong'arishwa husaidia zaidi kwa madini yenye chuma, kama hematiti, ambayo unga wake ni mwekundu wa kahawia hata jiwe likiwa jeusi. Madini mengi meupe hutoa unga mweupe, basi usijichoshe.

Tone la asidi hafifu ya haidrokloriki huichemsha kalsaiti palepale. Dolomiti, ndugu yake kalsaiti, mpaka uikwangue upate unga kwanza. Inama uone mapovu yanatoka wapi. Jiwe la mchanga wa kwatzi likishikanishwa na kalsaiti nalo litachemka, kumbe punje zenyewe zimetulia.

Na vipimo vikigombana, kwa mfano mpasuko unasema feldispa huku ukucha unaikwaruza, geuza kipande. Huenda unapima upande uliooza kwa mvua, ambako feldispa imeshaanza kuwa udongo. Gonga nyundo, upime uso mpya.