Maswali ya wasomaji: Gorila na Wagiriki

SWALI: Mwalimu wa biolojia amempunguzia mwanangu alama kwa kuandika "Gorilla Beringei Graueri". Tena amewaambia kuwa gorila ni neno la Kigiriki. Wagiriki walimwona wapi mnyama huyu, ilhali anaishi hapa kwetu, katika hifadhi ya Kahuzi-Biega?
Mzazi, Kadutu, Bukavu

JIBU: Hawakumwona, neno limepitia tu katika Kigiriki. Hanno, baharia wa Carthage, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, alipita pwani ya magharibi ya Afrika yapata miaka 2,500 iliyopita, na habari za safari yake zimetufikia kwa Kigiriki. Anasimulia kisiwa chenye "watu" wenye manyoya mwili mzima, ambao wakalimani wake waliwaita Gorillai. Madume walikwea majabali wakaponyoka. Majike watatu walikamatwa, wakang'ata na kukwaruza, wakauawa, ngozi zao zikapelekwa Carthage. Wataalamu bado wanabishana kama walikuwa nyani, sokwe au binadamu.

Mwaka 1847 Thomas Savage, mmisionari na daktari Mmarekani, aliazima neno hilo alipoeleza mafuvu yaliyotoka Gabon: Troglodytes gorilla. Hiyo Troglodytes ndiyo Kigiriki chenyewe, yaani "aingiaye mashimoni". Haikudumu, kwa sababu ndege mmoja mdogo alikwisha kuichukua, na jenasi mbili za wanyama, yaani makundi mawili ya spishi zenye undugu, haziruhusiwi kuwa na jina moja. Jina la spishi, yaani neno la pili, halina katazo hilo, ndiyo maana sokwe anaitwa Pan troglodytes mpaka leo, ingawa hulala juu ya miti!

Kuhusu alama, mwalimu ana haki. Jenasi, neno la kwanza, huanza kwa herufi kubwa. Spishi, neno la pili, na nususpishi (kigawanyo cha spishi), neno la tatu, huandikwa kwa herufi ndogo, hata zikitokana na jina la mtu. Beringei inamtaja Robert von Beringe, ofisa Mjerumani aliyeua gorila mlimani Sabyinyo mwaka 1902. Graueri inamtaja Rudolf Grauer wa Austria. Hiyo -i ya mwisho ni ya Kilatini, maana yake "wa fulani". Kwenye daftari mwanao apigie kila neno mstari wake. Kwenye kompyuta atumie herufi za mlalo. Akishaandika jina kamili mara moja, G. b. graueri yatosha.

Akikutana na Gorilla beringei beringei, yule wa milima ya Virunga upande wa Goma, asifute neno la mwisho akidhani limerudiwa kwa bahati mbaya: nususpishi iliyoipa spishi jina lake hulirudia.