Ukinionyesha kasi ya mtandao, nionyeshe na ile niliyoikosa

Jioni mbili nzima niliituhumu diski isiyo na kosa. Nilikuwa nahamisha mafaili mazito kati ya kompyuta mbili, zote zina kadi za mtandao za gigabiti moja (megabiti 1000) kwa sekunde, lakini kazi iling'ang'ania megabaiti 11 kwa sekunde. Alama ya mtandao kwenye skrini ilisema tu "Umeunganishwa". Nikapima diski, nikabadilisha programu ya kunakili, nikazima na kuwasha mashine zote mbili. Ndipo nikakumbuka amri ya ethtool, ambayo kwenye Linux huonyesha kasi ya kadi ya mtandao. Ikanijibu 100Mb/s, yaani megabiti 100 kwa sekunde.

Waya mmoja ndani ya kebo ulikuwa umekatika. Muunganisho wa megabiti 100 hutosheka na jozi mbili za nyaya, ila gigabiti moja kwenye kebo ya shaba hudai jozi zote nne. Ikifa mojawapo ya zile jozi mbili za ziada, kadi nyingi hushuka hadi 100 na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tangu siku hiyo nina ombi moja kwa wanaotengeneza mifumo endeshi: namba ya kasi isisimame peke yake. Andikeni "megabiti 100, kadi inaweza 1000", tena mahali pale pale mtumiaji anapotazama kila siku. Taarifa zenyewe zipo. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inaweza hata kugundua mporomoko wa namna hii na kuandika onyo kwamba kebo ikaguliwe. Lakini onyo hilo huenda kwenye kumbukumbu za mfumo, na mtu wa kawaida hafiki huko. Mimi mwenyewe sikufika.

Pili, vipimo. Mtandao huhesabiwa kwa biti, mafaili kwa baiti, na kinachovitenganisha kwenye skrini ni b ndogo na B kubwa. Baiti moja ni biti nane, hivyo megabiti 1000 ni megabaiti 125, na ukitoa mzigo wa vichwa vya pakiti (taarifa za anwani zinazosafiri na kila kipande cha data) hubaki kama 117. Nimeona watu wakidhani wameibiwa kasi kwa sababu ya herufi hiyo moja. Neno liandikwe zima, nafasi ipo.

Na pasipojulikana, isemwe haijulikani. Kebo ikichomolewa, ethtool huandika "Unknown!", na hapo naipongeza. Kinachonikera ni kadi za kubuni, zilizoundwa kwa programu tu: veth ya Linux hutangaza 10000Mb/s ilhali hakuna waya wowote unaopimwa. Namba ya kujaza pengo humpotosha mtu kuliko pengo lenyewe.

Wi-Fi ina shida yake, maana kasi hupanda na kushuka kila mara, na ya kupokea si lazima ilingane na ya kutuma. Windows huzionyesha zote mbili kwenye mipangilio, na hivyo ndivyo inavyopaswa.

Kwa sasa, mafaili yakikwenda kwa megabaiti 11 au 12 na hayazidi hapo, usiguse diski. Kwenye Linux andika ethtool na jina la kadi. Kwenye Windows fungua PowerShell, andika Get-NetAdapter, usome safu ya LinkSpeed. Ukikuta 100, badilisha kebo kwanza. Isipopanda, hamia tundu jingine la swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta kwa kebo), kisha uangalie kama kuna mtu aliyeifungia kadi kasi hiyo kwa mkono.