Uongo peke yake hautoshi

Kaka, umeuliza kama, ili mahakama ikurudishie hasara yako, inatosha kuthibitisha kwamba kampuni ya shaba uliyonunua hisa zake New York ilidanganya juu ya uzalishaji wake. Haitoshi, na hapo ndipo wengi wanaangukia.

Kwanza uonyeshe ulinunua kwa kuuamini uongo. Marekani hilo ni jepesi kidogo: tangu kesi ya Basic, 1988, mahakama inaweza kuchukulia kwamba bei ya soko ilishaubeba uongo, hata kama hukusoma ripoti. Kampuni inaruhusiwa kupinga.

Kigumu ni kuonyesha kwamba uongo huo ndio uliokula pesa yako. Katika kesi ya Dura, 2005, Mahakama ya Juu ilisema kununua kwa bei iliyovimbishwa si hasara bado. Tuseme ulinunua kwa dola 20, leo ni 12. Hisa zilishuka siku ukweli ulipotoka, ama wiki shaba ilipoanguka? Sisi wa Lubumbashi tunajua shaba ikishuka hata maduka ya Kenya, ile komini ya mji wetu, yanalala. Avoka (wakili) wa kampuni atasema hivyo hivyo. Basi angalia kampuni zingine za shaba siku ileile: kama zilipoteza 2 kwa mia na yako 30, tofauti hiyo ndiyo unayodai. Kama uliuza kabla ukweli haujajulikana, kwa kweli sioni kesi.

Hata kwetu Kongo, kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia (Code civil) kinataka kosa, hasara, na kamba inayoviunganisha.

Tafadhali tuandikie tarehe ulizonunua na kuuza.