Sili-tembo wa Año Nuevo: usiende bila kutembea na mwongozaji

Kuna lalamiko nalisikia mara kwa mara kwa watu waliopita pwani ya California majira ya baridi: "Tumetembea mwendo wote ule, wanyama wenyewe wamelala tu." Ni kweli, wamelala. Sili-tembo (kwa Kiingereza elephant seal, mamalia mkubwa wa baharini) akiwa nchi kavu anaweza kukaa muda mrefu bila kutikisika, mchanga umemjaa mgongoni, ukimwona kwa mbali ukadhani ni gogo lililotupwa na maji. Kwa mtu ambaye hana wa kumweleza anachokiona, safari inaishia hapo: picha mbili tatu, kisha kurudi kwenye gari.

Mimi nilitoka kule nikiwa nimeona mambo mengi mno, na sehemu kubwa niliiona kwa sababu mwongozaji wetu alituonyesha pa kutazama. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukiwa na nafasi ya kwenda Año Nuevo, ipange safari iangukie kwenye msimu wa matembezi ya kuongozwa.

Hifadhi ya Jimbo ya Año Nuevo iko kando ya barabara kuu namba 1, kati ya San Francisco na Santa Cruz. Kuanzia tarehe 15 Desemba hadi 31 Machi, huingii kwenye eneo la wanyama peke yako. Mnaingia kwa kundi dogo mkimfuata mwongozaji, na wengi wao ni watu wa kujitolea waliopewa mafunzo hasa kwa kazi hiyo. Kuanzia Aprili hadi Novemba unaweza kuomba kibali na kutembea mwenyewe, na bado utawaona sili waliokuja kubadilisha manyoya: majike na wadogo wakati wa masika ya kule, madume wakubwa kwenye Julai na Agosti. Ni matembezi mazuri, siyadharau. Ila kisa chenyewe kinachezwa majira ya baridi.

Madume hutangulia. Wanaanza kufika kwenye Desemba, wengine wakitoka mbali mpaka maji ya Alaska, na kazi yao ya kwanza ni kupimana nguvu. Dume mzima hufikia urefu wa mita 4 hadi 5, na uzito wake unaweza kuzidi kilo 2,000. Ana ile pua ndefu inayoning'inia mbele ya mdomo, ndiyo iliyompa jina, na kifua chenye ngozi ngumu iliyojaa makovu. Tangu afike mpaka aondoke, miezi kama mitatu, hali chochote. Akitoka ufukweni kwenda kutafuta chakula, nafasi yake imekwenda.

Majike wanafuata kuanzia katikati ya Desemba, wakiwa na mimba. Ndani ya siku chache jike anajifungua mtoto mmoja, mweusi, wa kilo 30 na kitu, ngozi imemzidi mwili. Anamnyonyesha karibu wiki nne, na yeye pia hali. Maziwa yake yana mafuta mengi mno, kiasi kwamba yakikaribia mwisho wa kunyonyesha zaidi ya nusu yake ni mafuta. Mtoto anafura mbele ya macho ya mama anayekonda, mpaka anavuka kilo 100. Kisha mama anapandwa, anaingia baharini, na ndiyo kwaheri. Harudi kumtafuta. Mtoto anabaki ufukweni na wenzake wiki nyingi nyingine akiishi kwa mafuta aliyojiwekea, akijifunza kuogelea kwenye maji ya kina kifupi bila wa kumfundisha, mpaka siku moja naye anakwenda.

Ukiniuliza mwezi, nitakwambia mwisho wa Januari mpaka katikati ya Februari. Hapo unapata vyote pamoja: wanaozaliwa, wanaonyonya, waliokwisha kuachishwa wamejilaza makundi makundi kama wageni walioshiba, na madume wamechacharika kwa sababu majike wanaanza kuwa tayari kupandwa. Desemba ni ya madume na mapigano yao, watoto ni wachache. Machi ni ya watoto peke yao, na kuna utulivu mzuri sana, ila ukienda kwa ajili ya madume utasikitika.

Sasa turudi kwenye huko kulala. Mwongozaji alitusimamisha kwenye tuta la mchanga, mbele yetu jike na mtoto wake, akatuambia tusitazame mwili, tutazame pua. Tundu zilikuwa zimefungwa kabisa, hata mstari wake ulikuwa mgumu kuuona. Hapumui. Tukasubiri. Dakika zikapita, watu wakaanza kutazamana. Halafu tundu zikafunguka zote mbili, tukasikia pumzi nzito, ikafuata nyingine na nyingine, kisha zikafunga tena. Hivyo ndivyo wanavyolala: wanabana pumzi hata wakiwa nchi kavu, kwa namna ile ile wanavyobana wakiwa vilindini. Baharini sili-tembo hupiga mbizi mfululizo, usiku na mchana, mara nyingi kwenda mita 400 hadi 800 chini, kwa dakika 20 au 30, halafu anakuja juu dakika chache tu na kurudi. Mwili uliojengwa kwa maisha hayo hauachi desturi yake kwa sababu umefika mchangani.

Na wana haki ya kulala. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walichapisha matokeo ya kupima usingizi wa sili hawa kwa vifaa vya kunasa mawimbi ya ubongo. Wakiwa safarini baharini, wanalala kwa wastani wa saa 2 tu kwa siku, tena kwa vipande vya dakika kama 10, wakiwa ndani ya mbizi, wakizama polepole kwa kuzunguka huku wamelala. Safari yenyewe huchukua miezi kadhaa. Baada ya kulisikia hilo, sikumwona tena mnyama mvivu pale ufukweni.

Jambo jingine la kuuliza ni sauti. Dume akiinua kichwa na kunguruma, sauti inatoka kama mapigo, tok-tok-tok, nzito, unaihisi kifuani. Kila dume ana mwendo wake wa mapigo, na wenzake wanamtambua kwa huo. Ndiyo maana mara nyingi huoni pambano lolote: mmoja ananguruma, mwingine anasikiliza, anageuka na kuondoka kwa sababu anajua ni nani yule na walishapigana. Mwombe mwongozaji akuoneshe dume mwenye eneo na madume wanaozungukazunguka pembeni wakivizia. Ukishawajua wahusika, pambano la sekunde kumi linakuwa na maana, na hata kule kusimama kimya kwa dume kunakuwa na maana.

Niseme wazi pia jambo ambalo matangazo hayalisemi. Utaona watoto waliokufa, au utamwona mtoto aliyepotezana na mama yake analia akifukuzwa na kila jike anayemkaribia. Dume akimkimbilia mwenzake hazunguki, anapita juu ya chochote kilicho mbele, na watoto hulaliwa. Dhoruba za baridi zikikutana na maji makuu, mawimbi huwabeba wadogo ambao bado hawajui kuogelea. Kwenye kundi letu mama mmoja aliuliza kwa uchungu kwa nini hawamchukui yule mtoto anayelia. Mwongozaji alijibu kwa upole kwamba binadamu akiingia katikati, majike wanatimka, madume wanasogea, na watoto wengine wanakanyagwa. Ukisafiri na watoto wako, zungumza nao kabla hamjafika. Usiwafiche. Watoto wanalibeba vizuri jambo waliloelezwa kuliko lile wanalokutana nalo ghafla.

Na hata kuwepo kwa ufuko huu uliojaa ni jambo la kushangaza. Karne ya 19 sili-tembo wa kaskazini waliwindwa kwa ajili ya mafuta yao mpaka ikadhaniwa wamekwisha. Mwaka 1892 msafara wa wanasayansi ulikuta wachache kwenye kisiwa cha Guadalupe, Mexico, na ukawaua 7 kwa ajili ya makumbusho. Waliosalia, wanaokadiriwa kuwa chini ya 100, ndio mababu wa wote waliopo leo. Mexico iliwapa ulinzi mwaka 1922, Marekani ikafuata. Walionekana kwenye kisiwa cha Año Nuevo mwaka 1955, mtoto wa kwanza akazaliwa kisiwani mwaka 1961, na mwaka 1975 wakazaa upande wa bara, pale pale unapopita wewe. Kisiwa utakiona kutoka ufukweni, na nyumba ya watunza taa iliyoachwa tangu 1948. Sasa wakazi wake ni simba-bahari na ndege.

Ukiijua historia hiyo, sheria za kule hazikukeri. Umbali wa kukaa na mnyama ni futi 25, yaani mita 7 na nusu hivi, na ni wewe unayewajibika kuutunza, kwa sababu yeye hajui kama kuna sheria. Akikusogelea, unarudi nyuma. Dume mwenye uzito wa gari anaonekana hawezi kwenda popote, lakini kwenye mchanga, kwa mwendo mfupi, anakwenda kwa kasi usiyoitarajia, na wewe unazama kwenye mchanga huo huo. Ikitokea dume amejilaza kwenye njia, kundi zima linazunguka au linasubiri. Usimwulize mwongozaji "tunapitaje haraka?" Kusubiri huko ndiko kulikonipa mimi nafasi ya kutazama kwa utulivu.

Kuhusu picha nina msimamo. Piga za dakika chache za mwanzo, weka simu mfukoni, toa darubini. Simu inakuonyesha uwanja wa wanyama wengi wadogo. Darubini inakupa jicho moja kubwa jeusi linalotiririka machozi mpaka shavuni (hawana mrija wa kupitisha machozi puani, hivyo yanamwagika tu), inakupa pezi la mbele lenye kucha tano, namna linavyokunjwa na kujikuna taratibu ubavuni, namna linavyochota mchanga na kuurusha mgongoni. Chagua mnyama mmoja kila mnaposimama ukae naye. Anayehangaika kuwaona wote hatamkumbuka hata mmoja.

Maandalizi si mengi lakini yana uzito. Nafasi zinakatwa mtandaoni mapema, na za Jumamosi na Jumapili za Januari na Februari huisha upesi. Siku za kazi unapumua. Ada ya gari na ada ya matembezi ni vitu viwili tofauti, zijumlishe zote kwenye bajeti. Fika kabla ya muda, kwa sababu kutoka maegesho mpaka mahali kundi linapoanzia ni mwendo, na kundi halikusubiri. Matembezi yanachukua kama saa mbili na nusu, karibu kilomita 5 ukijumlisha kwenda na kurudi, na sehemu ya njia ni mchanga laini unaovuta miguu. Vaa viatu vilivyofunga vizuri. Upepo wa pale unapenya, vaa nguo tabaka juu ya tabaka hata kama asubuhi San Francisco kulikuwa na jua. Matembezi hayaahirishwi kwa sababu ya mvua, kwa hiyo beba koti la mvua, mwavuli uache. Kunywa maji na nenda msalani kabla hamjaanza. Mbwa hawaruhusiwi. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu au asiyeweza mwendo wa mchangani, kuna matembezi maalumu kwenye njia ya mbao. Hayo yaombwe mapema zaidi.

Harufu ipo, ya samaki na kinyesi, na upepo ukigeuka inakupiga usoni. Baada ya muda unazoea.

Ukikuta nafasi zote zimekwisha, usikate tamaa na wala usitafute njia ya panya. Endelea kusini kwa barabara hiyo hiyo namba 1 mpaka Piedras Blancas, karibu na San Simeon. Sili-tembo walianza kuweka makazi pale mwaka 1990, na sasa ni kundi kubwa sana. Hakuna tiketi, hakuna kiingilio, unatazama kutoka njia ya mbao iliyo juu ya ufuko, mwaka mzima. Hakuna matembezi ya kuongozwa, ila mara nyingi mchana utakuta watu wa kujitolea waliovaa makoti ya bluu. Wasogelee, usione haya, uwaombe wakuoneshe mnyama aliyebana pumzi.