Kutawadha kwa maji ya bahari msafiri akihofia kiu

SWALI: Mimi ni mkazi wa Mbezi, Dar es Salaam. Nilikwenda na mke wangu na watoto watatu Namibia, tukapiga kambi ufukweni kaskazini ya Swakopmund, watoto wakiteleza kwenye mawimbi kwa mbao. Jamaa tuliyefuatana naye alisema maji ya bahari hayafai kwa udhu kwa kuwa chumvi imeyabadilisha, na tayamamu (kujitoharisha kwa udongo) hairuhusiwi maadamu tuna madumu ya maji. Tukatawadhia maji ya kunywa, siku ya tatu yakaisha, mtoto mdogo akalegea kwa kiu. Swala mbili nilitawadha baharini. Nizirudie?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu, kwa yaliyomfika mwanao. Hurudii hata moja.

Abu Huraira amepokea kuwa mtu alimwambia Mtume (s.a.w.): sisi hupanda baharini na maji kidogo, tukiyatawadhia tutapata kiu, je, tutawadhe kwa maji ya bahari? Akajibu: "Maji yake ni tohara, na mfu wake (kiumbe wa bahari aliyekufa) ni halali." Wameipokea Malik, Abu Daud na Tirmidhi. Hilo ni swali lako lenyewe, limeshajibiwa.

Huyo jamaa anasema chumvi imeyabadilisha. Kinachoyatoa maji kwenye utohara ni kitu kigeni kilichoyaingia hadi yakapotewa na jina la maji, kama majani ya chai. Chumvi ya bahari ni ya asili yake. Kama hoja hiyo ingesimama, wangapi hapa Dar wanaotawadha kwa visima vya maji ya chumvi wasingekuwa na swala? Ni kweli imepokewa kwamba Ibn Umar na Abdullah bin Amr waliyachukia, lakini kauli ya sahaba haitangulii neno la Mtume.

Kosa lake la pili ni zito zaidi. Maji yanayohitajiwa na mwenye kiu huhesabiwa kama hayapo. Hata bahari isingekuwepo, ungetayamamu, na kuyatawadhia hayo ya kunywa ni haramu. Kumnyima mtoto maji kwa jina la dini si uchamungu!

Mkirudi huko, wekeni lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku: watu watano kwa siku nne ni madumu matano ya lita 20, na moja la akiba. Ya udhu choteni baharini jioni kungali na mwanga, ndoo ikae mchanga utuame, ili asiwepo wa kuyafuata mawimbi gizani alfajiri. Udhu unatosha kwa mudi moja (ujazo wa viganja viwili), haifiki lita. Suti ya mpira ya kutelezea mawimbini ivuliwe mikono hadi juu ya viwiko na miguu hadi juu ya vifundo, haitoshi kupangusa maji juu yake. Na nta inayopakwa ubao wa kutelezea, ikiwa imeganda ngozini ikwanguliwe, inazuia maji. Kibla msikipime kwa mazoea ya Dar, ambako ni kaskazini moja kwa moja. Huko ni kaskazini mashariki, kuelekea bara.

Na Allah ndiye Ajuaye zaidi.