Mnauliza tulivyouza, mimi najibu tulivyonunua

Swali lenu la wiki hii, korona iliibadilisha vipi biashara ya mtandaoni kwa wafanyabiashara wadogo, limenigusa. Kila ninayemsikia akilijibu anazungumzia kuuza: picha kwenye status, bei njoo inbox, bodaboda anapeleka. Hapa Tanga wateja wangu hawakwenda popote. Shule zilifungwa Machi 2020, lakini watu hawakufungiwa ndani, na Ngamiani tuliuza, ndoo ya maji na sabuni iko mlangoni.

Kwangu kilichobadilika ni kununua mzigo. Nauza kanga na madera, na mzigo wangu nilikuwa naufuata Mombasa kwa kupitia mpaka wa Horohoro. Sinunui kitu nisichokishika. Mei 16, 2020 Kenya ikafunga mpaka na sisi, yakabaki kupita malori ya mizigo tu. Na Idd ndiyo hiyo, wiki moja mbele.

Shoga yangu akanipa namba ya dada mmoja wa Kariakoo. Picha zikaja, kanga zinang'aa kweli. Nikamwambia, "Dada yangu, kwenye picha kanga haichuji. Lowesha kitambaa cheupe, sugua hiyo nyekundu, nirekodie nione." Akacheka, akasema watu wa Tanga mna mambo. Lakini alifanya. Video ya kwanza naikumbuka mpaka leo: mkono una hina iliyofifia, kitambaa kimelowa, anasugua pindo la kanga kwa nguvu, anakigeuza kwenye kamera. Cheupe. Akaja na ya zambarau, akasugua kidogo tu, kitambaa chote kikageuka. Angeweza kuifuta ile video. Aliituma, akaandika chini yake, "Hii usichukue, itakugombanisha na wateja." Hapo hapo nikamtumia hela, na ya kutolea juu. Mzigo nikaupokea Kange kwa konda, jina langu limeandikwa kwa maka peni juu ya kiroba. Nikafungua pale pale stendi, nikahesabu doti moja moja. Zote zimo, nyekundu ni ile ile.

Sasa msidhani wote wako hivyo. Mwingine baada yake alikula hela yangu akaniblock, na sikumpata tena. Na tozo za serikali kwenye miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 nilikaribia kuacha kabisa, maana faida ya doti moja ni ndogo.

Nilishika simu kuandika kwamba biashara hii ya picha ni ya kuibiana. Lakini mpaka ulishafunguliwa zamani, na kanga bado nachukua kwa dada yule. Nauli ya Mombasa na gharama za kulala sizilipi tena. Kwa kanga, basi, nasema mtandao umenifaa, almradi muuzaji akubali kusugua. Kwa madera hapana, kitambaa cha dera ukikiona kwenye simu hujui kama kitakaa mwilini. Na anayeanza leo kwa hela ya mkopo wa kikundi, apande basi kwanza, akamwone muuzaji wake dukani.