Mtoto wako akikwambia ni gei na nyinyi ni watu wa kanisa

Hii naandikia wazazi wenzangu wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hasa sisi tuliotoka Kenya na Kongo tukajikuta hapa Utah, Marekani, maana tukikutana baada ya sakramenti tunaongea kazi, tunaongea makaratasi ya uhamiaji, lakini hii ya watoto hakuna anayeigusa. (Najua 2018 tuliambiwa tuache kujiita Wamormoni, ila majirani wa nyumbani hawajui jina lingine, mtanisamehe.)

Kijana wangu ni gei. Alitwambia wakati tunangoja ajaze fomu za misheni, ile safari ya vijana wetu kwenda kuhubiri. Mimi bado naenda kanisani, natoa zaka, kibali cha hekalu (ruhusa ya kuingia hekaluni, unaipata baada ya mahojiano) ninacho, na yeye sahani yake iko kwangu siku zote.

Cha kwanza jiulize hofu yako inatoka wapi, maana si aibu ya watu tu. Tumefundishwa familia ikiunganishwa hekaluni ni milele, baba mama na watoto, sasa mtoto akienda njia yake unaanza kuhesabu viti vya huko mbinguni unaona kimoja kiko wazi. Hapo ndipo mzazi anageuka polisi, kila meseji ni aya, kila simu ni "umesali?", mpaka mtoto anaacha kushika simu. Kanisa lina askofu tayari, kiongozi wa usharika wetu, lina rais wa kigingi aliye juu yake, kazi yao waachiwe. Mtoto wangu mama ni mimi peke yangu.

Na usikate undugu kwa sababu ya sera ya kanisa. Novemba 2015 ilitoka ile iliyosema waliofunga ndoa ya jinsia moja ni waasi, na watoto wao wasibatizwe bila idhini ya uongozi wa juu kabisa, watu wakalia, wengine wakahama kanisa. Aprili 2019 ikaondolewa. Fundisho lenyewe la ndoa ni mume na mke halijabadilika na simdanganyi kijana kwamba litabadilika kesho, lakini sera inakuja inaondoka, na mtoto uliyemfukuza harudi kwa tangazo.

Wengi wanaogopa mahojiano ya kibali, lile swali la kama unaunga mkono mafundisho yaliyo kinyume na ya kanisa. Unajiuliza, kumkaribisha mpenzi wake chai ni kuunga mkono? Mimi sikungoja kuulizwa, nilimweleza askofu kila kitu, nani anakuja kwangu na anakaa wapi. Akatia sahihi. Sisemi kila askofu yuko hivyo, nasema usijihukumu mwenyewe kabla hujaongea nae.

Lakini kitu kinachonitia hasira ni ushauri wa kutoka nyumbani, "mlete huku aombewe anyooke". Shangazi yake alishapiga simu na hilo. Jamani, Kenya sheria ina kifungo mpaka miaka 14 kwa mapenzi ya wanaume kwa wanaume, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta, unampeleka mtoto wako huko kufanya nini? Hata hapa Utah, tangu 2020 mtaalamu mwenye leseni haruhusiwi kumfanyia mtoto chini ya miaka 18 hiyo tiba ya kumbadilisha. Ukitaka kumpeleka kwa mshauri mpeleke kwa sababu hapati usingizi wala haongei, si kwa sababu unataka arudishwe mwingine.

Kanisani wakikuuliza "na kijana yuko misheni wapi?" jibu fupi, hakwenda, yuko chuo, anaendelea vizuri. Huna deni la maelezo kwa mtu wa korido.

Kwa wenye waume wagumu kama wangu, usimlazimishe aende kwa spidi yako. Baba yake anaongea nae mpira na gari, jina la mpenzi wa kijana bado hataki hata kutajiwa. Sasa hivi tunabishana kama huyo mpenzi atakuja Thanksgiving, sikukuu ya hapa ya familia kula pamoja. Mimi nishasema anakuja, na chapati nitapika za kumtosha.